Saidi, Safari Hii Mama Amesema

Saidi mdogo wangu,

Niko kwenye benchi la korido ya hospitali, mikono bado ina grisi ya gereji. Zuhura, kitinda mimba wetu, yuko ndani anapasuliwa. Ngiri ileile yako. Na mdomo uleule: kidole kimoja kinapita, cha pili kinagoma. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Mlinzi amenichoka.

Unakumbuka sinia ya Idi? Sisi tunabugia pilau, wewe unachomeka punje moja moja. Taya ikilia kak! mbele ya sikio, unacheka: "Kaka, rotule yangu imekauka kama ya gari, tia grisi." Mtaa mzima wa Buyenzi unaniletea magari yanayolia rotule, kile kiungo cha magurudumu, nayatengeneza. Yako sikuiweza.

Ulipopelekwa kupasuliwa, Mama alitukataza kusema habari ya mdomo wako. "Kilema ya mutoto haitangazwi kwa watu, apana." Sitara, ndivyo tulivyolelewa. Wakakulaza usingizi, wakataka kupitisha mpira wa pumzi kooni, mdomo ukakataa kufunguka. Basi. Hukuamka. Baadaye daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi: mwili unashindwa kuondoa takataka zake, zinarundikana kwenye viungo, hata vya taya, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuupata. Nikamtazama Zuhura anavyotafuna: punje moja moja, kama wewe.

Leo asubuhi risasi zimelia tena upande wa milimani. Tumevuka vizuizi vya askari, Zuhura mgongoni kwangu, na njia nzima nilikuwa najiandaa kugombana na Mama. Wallahi, sikuhitaji. Mama huyuhuyu wa sitara amemshika binti kidevu mbele ya wagonjwa wote, akapaza sauti: "Mumuone! Kinywa haifunguki! Kaka yake alikufa na hii! Musimulaze!"

Korido nzima ikageuka. Daktari akampima mdomo kwa vidole vyake, akakunja uso, akasema hatamlaza usingizi, atamchoma ganzi tu hapo penye ngiri.

Wewe tulikungoja kwenye kimya, Saidi. Huyu anapiga kelele! Anamtukana daktari, anamtukana nesi, mpaka na mimi nimo. Mama ameegemea mlango, machozi yanamtoka, anasema, "Lia, mwanangu, lia sana."

Mungu akulaze pema, mdogo wangu. Nakuahidi, kila hospitali nitakayompeleka, nitautaja ugonjwa wenu hata kabla ya kutoa salamu. Watanicheka sina adabu, na wacheke.

Niache niende. Ananiita.

Kaka yako,
Hamisi