Mtu Anayeandika Hasimami

Jumatatu, 17 Aprili

Graciete amenipa daftari hili. La watoto wa shule, jalada jekundu, nyuma lina picha ya paka. Kasema, "Andika. Mtu anayeandika hasimami." Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na kwa kuwa anafanya kazi famasia, bado anaamini kila ugonjwa wangu una dawa yake kabatini.

Ugonjwa wenyewe ndio huo: kusimama. Asubuhi barua ilifika klabuni. Rais wetu, Bwana Valdemar mwenye kiwanda cha jibini, aliisoma mara mbili, halafu akanipa kwa ncha za vidole, kama anayempa mwenzake mtoto aliyejikojolea. Shirikisho la soka limepokea malalamiko. Inadaiwa kuwa União ya Vale Serrano inafundishwa na mtu asiye na leseni ya daraja la tatu. Kamisaa, mkaguzi wao, atakuja kwenye mechi mojawapo kati ya nne zilizobaki.

Inadaiwa! Vale Serrano nzima inajua. Paka wa padri anajua.

Kwenye karatasi, kocha ni Mwalimu Quintas, mstaafu. Leseni anayo, ya juu kabisa, ameitundika sebuleni kati ya saa ya ukutani na picha ya marehemu mkewe. Mimi kwenye karatasi ni mwanafunzi wa ukocha. Naruhusiwa kukaa benchini na kuandika. Kusimama, kuelekeza, kupiga kelele — marufuku. Si sisi wa kwanza kufanya hivi. Labda tutakuwa wa kwanza kushikwa.

Wakinishika nafungiwa mwaka mzima, na kozi yangu ya leseni inafutwa. Nina miaka arobaini na saba. Nilicheza beki wa kulia miaka kumi na tisa, klabu saba, magoli matatu, moja likiwa la kujifunga, na hilo ndilo zuri kuliko yote. Waliniita Komeo. Halafu niliuza matairi miaka sita. Kwenye matairi sirudi.

Lakini na Mwalimu watamnyang'anya leseni yake. Huyu hana kosa lolote ila kunionea huruma.

Jumanne, 18 Aprili

Nimemkuta Mwalimu mkahawani, meza yake ile ile. Nimemweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Kwa hiyo wanataka nifundishe?"

"Wanataka uonekane unafundisha, Mwalimu."

"Hiyo ndiyo ngumu. Kufundisha ningejaribu."

Ana miaka sabini na moja. Timu ya mwisho aliyoifundisha ilikuwa ya wanawake wa kiwanda cha nguo, na kipa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Anasema hawakufungwa hata mara moja, maana hakuna aliyethubutu kupiga shuti.

Mimi alinifundisha michezo shuleni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikakwama juu ya kamba ya kupanda, nusu ya njia, nikilia. Wenzangu walicheka. Yeye alisimama chini, mikono juu, akisema, "Niko hapa. Huna haraka." Kipindi kizima. Sasa ananiita Mista kama wengine wote. Huku kila kocha ni Mista, awe hodari au awe mimi.

Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Nikamuuliza kama anaogopa. Kasema kahawa ni kali.

Jumapili, 23 Aprili

Ugenini. Tumefungwa moja bila.

Kamisaa hakuja. Najua, kwa sababu nilitazama jukwaa kuliko uwanja. Watu mia mbili, na wote wana sura za kamisaa. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anaandika. Kumbe anajaza fumbo la gazeti.

Dakika ya sitini nikasimama. Sikuamua mimi, iliamua miguu. Dona Albertina, anayefua jezi za klabu tangu mimi sijaota ndevu, akanivuta koti.

"Kaa, mwanangu. Unanizibia jua."

Ilikuwa inanyesha.

Mwalimu alisimama mstarini kama mtu anayengoja basi. Kila dakika mbili anageuka: "Mista, niseme nini?" Na sauti anayo, ile ya kufika mwisho wa ukumbi wa mazoezi. Nikawa nakohoa ili kuifunika. Nimerudi nyumbani koo linaniuma kuliko kama ningefundisha.

Jumanne, 25 Aprili

Sikukuu. Maua mekundu ya mapinduzi kila kifua. Graciete kanibandika ua na kunitazama. "Unafanana na mtu anayekwenda kunyongwa na kiwanda cha maua."

Mbuzi wa kuoka, viazi. Mwalimu alikuja na chupa yake ya divai, Dona Albertina na wali wa maziwa wenye mdalasini. Ni Albertina aliyepata dawa. Kasema anazo taulo mbili mpya, nyeupe na nyekundu. Nikiweka nyeupe gotini: rudini nyuma, zibeni. Nyekundu: nendeni mbele. Mwalimu anageuka, anatazama goti, anapiga kelele. Hakuna kuulizana.

"Nyekundu rudi nayo tu, Dona Albertina," Graciete kasema. "Huyu ni beki wa kulia. Hataitumia mpaka kiama."

Wamecheka wote. Mimi pia. Ila ni kweli. Maisha yangu yote uwanjani kazi yangu ilikuwa kuogopa kabla wengine hawajaona cha kuogopa. Nililipwa kwa hilo. Sasa naogopa bure.

Jumapili, 30 Aprili

Nyumbani. Sare, bao moja kila upande. Taulo zimefanya kazi. Mwalimu alikuwa anageuka kama bawabu wa hoteli, kwa heshima, anatazama goti, halafu: "Nyuma! Nyuma!" Nusura nimwamini hata mimi.

Lakini baada ya mechi kulikuwa na mwanamke getini, koti la mvua la kijani, miwani. Kamuuliza Dona Albertina hivi hivi, kama anayeuliza njia: kocha wenu hasa ni nani?

"Mimi nafua tu, mama," Albertina kamjibu. "Wakishafuliwa, wote wananukia sabuni moja."

Mwanamke kaandika kitu. Nini cha kuandika hapo? Sabuni?

Jumatano, 3 Mei

Nimeota nimesimama. Basi, ndoto nzima ni hiyo. Nimeamka fulana imelowa.

Alhamisi, 11 Mei

Jumapili iliyopita tulishinda, kipa wao aliteleza, Mungu ampe afya. Kwa hiyo imebaki mechi moja na tunahitaji pointi moja. Sare tu, tunabaki daraja la tatu. Tukifungwa, tunashuka. Wapinzani ni Penha Alta, na wao wakitushinda ndio watakaosalimika badala yetu. Sasa kila mtu anajua nani aliandika malalamiko.

Leo mazoezini nimewakusanya vijana. Nimewaambia: tangu sasa hadi Jumapili, Mista ni Mwalimu Quintas. Atakayeniita mimi Mista, mzunguko mmoja wa uwanja.

Zeferino, nahodha, beki wa kati, mkono juu. "Na wewe tukuite nani?"

"Adérito."

"Siwezi, Mista."

"Mzunguko mmoja."

"Samahani, Mista."

"Miwili."

Mpaka jioni Zeferino alikuwa amekimbia kumi na mmoja. Kasema hajawahi kuwa fiti namna hii tangu jeshini.

Baadaye Mwalimu kanivutia nyuma ya goli.

"Yule mama akiniuliza, sisemi uongo. Miaka arobaini nimewakataza watoto kudanganya. Nitasema mimi ni mzee na wewe unanisaidia."

"Si ni kweli, Mwalimu."

"Ndiyo maana nitaweza kuisema." Mikono ameificha mifukoni. "Leseni wakiichukua, kwenye ule msumari ukutani nitaning'iniza nini? Naogopa, Mista."

"Mzunguko mmoja, Mwalimu." Nilitaka acheke.

Hakucheka. Alikunja koti, akaliweka juu ya nyasi, akaanza. Kutembea, si kukimbia, polepole kando ya mstari mweupe. Sheria ni sheria. Vijana wakaacha mipira. Zeferino akaenda nyuma yake, na wengine, timu nzima ikitembea nyuma ya mzee bila neno.

Nami nilibaki nimesimama, kwa mara hii nimeruhusiwa, na sikujua pa kuweka mikono.

Jumamosi, 13 Mei

Siku ya Bikira Maria wa Fátima. Dona Albertina kawasha mshumaa wa urefu wa Zeferino, anasema alimpima kwa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Valdemar kapiga simu. Kamisaa amethibitishwa, ni kesho. Ameomba kiti nyuma ya benchi letu.

"Nyuma kiasi gani?"

"Adérito, ukipiga chafya atakuambia afya."

Graciete kanipa kalamu yake ya famasia, ile anayoipenda. "Usiipoteze. Ya kwanza uliipoteza, ya pili ukaikalia." Kanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni kama mtoto, halafu mkono akauacha pale kidogo.

"Ukishindwa kukaa?" kaniuliza.

Niliijaribu kalamu kiganjani.

Jumapili, 14 Mei

Naandika nikiwa benchini. Mvua. Dakika ya 9. Koti la kijani liko nyuma ya shingo yangu, hatua mbili. Naye anaandika. Nasikia kalamu yake, krr, krr, kama panya wa heshima. Taulo nyeupe gotini. Bila bila. Bila bila inatosha.

Dakika ya 26. Wamegonga mwamba. Nimeuma ulimi. Nimekaa.

Dakika ya 40. Mwalimu kageuka, kaona nyeupe, "Nyuma!" Safi. Mgongo wake umenyooka leo. Amevaa tai ya harusi yake.

Mapumziko. Chumbani kaongea yeye. Vijana walikuwa wananitazama mimi, mimi natazama vigae. Kasema, "Pumueni. Mna haraka ya nini?" Zeferino kamtazama usoni na kumjibu, "Sawa, Mista." Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu leo havina kamba.

Dakika ya 58. Bado bila bila. Penha Alta wanakuja kama mafuriko. Nyuma, nyuma, nyuma.

Dakika ya 67. Vichwa viwili vimegongana. Zeferino chini, nyusi imepasuka, damu mpaka shingoni. Mtaalamu wetu wa tiba kapita mbio, kainyakua taulo nyeupe gotini kwangu, kamfunga nayo kichwa. Hakuuliza. Angeulizaje.

Dakika ya 70. Iliyobaki ni nyekundu. Nimeikalia.

Dakika ya 72. Mwalimu kageuka. Goti halina kitu. Katazama goti la pili. Katazama kichwa cha Zeferino. Karudi kutazama goti. Vijana nao hawajui: nusu wamerudi, nusu wamepanda. Kuna shimo katikati ungeweza kupitisha lori la jibini.

Nimekohoa. Hakuna maana ya kukohoa. Hatukukubaliana kuhusu kukohoa.

Dakika ya 76. Zeferino anayumba. Kapiga mpira na kuukosa. Nyeupe imekuwa nyekundu. Lazima atoke. Wawili wamepasha misuli: Bráulio beki, Délio mshambuliaji. Wamesimama mbele ya Mwalimu, fulana zimewaganda kwa mvua. Najua jibu. Bráulio! Hata mbuzi wa Pasaka anajua ni Bráulio.

Mwamuzi wa akiba ameshika ubao. Anamuuliza Mwalimu, namba ngapi? Mwalimu anafungua mdomo. Anafunga. Penha Alta wanapata kona.

Kageuka.

"Mista."

Kwangu. Sauti ya ukumbini. Benchi la Penha Alta lote limegeuza shingo. Nyuma yangu kalamu ya panya imenyamaza.

Naandika. Naandika naandika. Paka. Jibini. Bráulio Bráulio Bráulio. Sijainua kichwa.

"Mista, aingie nani?"

Namwona kwa pembe ya jicho. Tai imelowa, imemganda shingoni. Mikono ameinyoosha kidogo mbele, viganja juu, na kati ya watu elfu moja waliopo hapa anamtazama mtu mmoja tu. Délio naye ananitazama. Mwamuzi anatazama saa.

Koti langu limelegea. Ndipo nimegundua Dona Albertina alikuwa amelishika tangu mwanzo. Ameliachia.

"Mwanangu," kasema. Basi.

Ameita mara ya tatu. Mpira wa kona umewekwa. Kalamu ni ya Graciete. Naiacha hapa katikati ya ukurasa, isipotee