Matundu Chini ya Maneno

Jumatatu, 3 Juni

Daftari, hujambo? Sijui daftari linaamkiwaje. Mimi maandishi niliyofundishwa ni ya barua tu, na barua huanza kwa salamu. Basi hapa kwetu: mume wangu hajambo, ila mguu unamsumbua, ameutukana tangu asubuhi. Mama mkwe hajambo, masikio tu ndiyo yamegoma, ukimwambia lolote anajibu "marahaba". Kitinda mimba wangu hajambo, ndiye aliyenipa daftari hili, kasema mama andika kila siku, mkono utalainika. Paka hajambo, amemwaga maziwa. Mimi sijambo, vidole viwili tu vimeungua kwa pasi, kawaida ya kazi.

Binti yangu mkubwa — hapo kalamu imesimama.

Ameolewa. Anakaa ghorofa ya tatu, vituo viwili vya basi kutoka hapa. Leo siku ya kumi na moja hapokei simu. Anapokea mumewe. Mama, amelala. Mama, anaoga. Mtu gani anaoga siku kumi na moja!

Jumanne, 4 Juni

Leo kazini tumesoma sura ya saba. Chumba cha pasi pale kwa dobi tuko watatu: mimi mpiga pasi, Bi Mvuke anayeshika bomba la mvuke, na Mkunjaji, yeye kazi yake kukunja na kulia. Saa ya chakula wao wanakula, mimi nawasomea. Niliacha shule darasa la nne, kwa hiyo nasoma kwa kidole, neno moja moja, nalikanyaga kwanza kama mtu anayevuka matope. Bi Mvuke anasema ndiyo raha yenyewe, muuaji anachelewa kufika.

Vitabu tunaazima kwa mama wa kibanda cha vitabu pale kona. Akishakisoma anaandika kwa penseli ukurasa wa kwanza: SAFI. Maana yake hakuna kitanda, hakuna kuvuana nguo. Mapenzi ya macho na moyo, na ndani yake mzimu au muuaji. Hicho ndicho tunachotaka! Naweza kusoma mama mkwe yuko pembeni na kitinda mimba yuko miguuni, nisione haya.

Hiki cha sasa — bibi harusi kaletwa kwenye jumba kubwa, kuna chumba kimefungwa, na juu ya dari zinatembea nyayo za mke wa kwanza, marehemu. Mume haongei. Anavaa glavu. Sura ya sita, mkono usioonekana ukamkaba bibi harusi kwenye ngazi, akabingirika, damu mpaka kwenye shela. Sura ya saba mume anamfuta damu kwa leso. Hambusu. Anamfuta tu. Mkunjaji akalia mpaka akalowesha shuka la mteja.

Nimejiuliza kwa nini tunapenda hivi. Nadhani kwa sababu hofu ya kitabu ina kurasa. Unazishika kwa dole gumba, unajua zimebaki ngapi.

Binti yangu naye anavipenda. Huwa nampelekea. Mumewe hukagua ukurasa wa kwanza, akiona SAFI anasema sawa, hiki kiingie.

Jumatano, 5 Juni

Mfuko wa nguo za mkwe, mume wa binti, umeletwa leo. Alama yake naijua, niliishona mwenyewe ndani ya kola, uzi wa buluu, mishono miwili iliyopishana. Mashati sita meupe. La nne lina damu mwisho wa mkono, pale penye kifungo. Matone, kisha mburuzo, na unywele mmoja mrefu umeganda juu yake.

Mkono wangu haukuuliza. Damu ni maji baridi, kamwe si moto, moto unaibandika isitoke mpaka kiama. Hilo ndilo la kwanza anafundishwa kila mtu wa kazi hii. Nikaloweka. Chumvi. Nikasugua. Nikapiga pasi, kola ikasimama kama ubao. Mkunjaji akasema dada, shati limetakata hilo!

Ndipo nikakaa chini sakafuni. Nimeifua. Damu ya mwanangu nimeifua mimi, kwa mikono yangu, na nimesifiwa.

Mwezi wa tatu alikuja kwangu na mdomo umepasuka. Nilimpa chai. Kisha nikamshika mkono nikamrudisha. Niandike nilivyosema, nisijifiche: hanywi, havuti, hana mwanamke nje, mwanamume safi, wangapi wanampata? Rudi, mwanangu. Akarudi. Kwenye basi hakulia. Alikuwa anatazama dirishani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita kwa mama wa kibanda. Nikamuuliza: bibi harusi kakabwa, kabingirishwa, kavunjwa mkono sura ya tisa, wewe unaandikaje safi?

Akanitazama juu ya miwani. "Kwani kuna mtu kavua nguo humo?"

Hakuna.

"Basi!"

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda bila kuaga mtu. Kitabu tunachosoma kazini kibandani kina nakala mbili, ya pili ilikuwa kwa binti tangu wiki iliyopita, nilimpa mumewe ampelekee — nikasema nimekuja kuidai.

Mkwe kafungua mwenyewe. Viatu vyake viko nje ya mlango, vimepangwa, vinang'aa. Shikamoo mama, karibu mama. Chai kamimina yeye. Binti kakaa mwisho wa kiti, mtandio mpaka kidevuni. Taya upande mmoja limevimba kama ameficha embe mdomoni. Jicho la upande huo huo, jekundu, halifunguki.

"Ameanguka bafuni, mama," mkwe akasema.

Binti akasema ndiyo, nimeanguka. Meno mawili ya mbele hayapo. Maneno yalitoka na upepo.

Nikasema nyumbani wote wanakusalimu. Baba yako, bibi yako, mdogo wako. Akaitikia kwa kichwa kila niliyemtaja. Mkwe akatazama saa. Nilipoinuka binti akanipa kitabu, akakibana mkononi mwangu kwa nguvu, kucha zikaniingia. "Mama, kisome polepole, kama unavyosoma siku zote."

Mkwe akacheka. "Mama na kidole chake!"

Kufuli lilivyolia nyuma yangu! Mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Saa ya chakula nikafungua kitabu cha binti tuendelee sura ya kumi. Kidole kikakwama. Chini ya neno "mlango" kuna kipele. Nikainua ukurasa kwenye mwanga — tundu! Tundu la pini. Macho yasingeliona. Nikawaambia wenzangu nyamazeni.

Tulifunga mlango wa chumba cha pasi. Mimi napapasa, Bi Mvuke anaandika kwenye karatasi ya kufungia nguo. Kila neno lenye tundu. Saa nzima. Maneno yote ni ya mwandishi, yale yale tuliyoyalilia kwa raha:

mume — anafunga — mlango — ufunguo — mfukoni — ananipiga — kila — siku — nilianguka — uongo — mtoto — tumboni — damu — ataniua — mama — njoo

Mkunjaji safari hii hakulia. Akatapika kwenye beseni.

Mtoto tumboni. Sikuwa najua.

Alasiri mfuko wa mkwe ukaja tena. Mashati, na foronya moja. Foronya haikuwa na matone. Ilikuwa imekauka nusu nzima, ngumu, rangi ya kutu. Bi Mvuke akafungua bomba la maji baridi kwa mazoea. Nikampiga kofi la mkono. Usiiguse!

Nikaweka pasi moto wa mwisho. Nikaiegemea ile damu mpaka ikanuka. Nikaibandika. Sasa hiyo haitoki, hata mtume afue.

Jumanne, 11 Juni

Polisi. Askari wa mezani kaigeuza foronya kwa ncha ya kalamu. Mama, hata pua hutoka damu. Nikampa kitabu. Akakiinua kwenye dirisha. Mama, haya matundu ni ya wadudu, wanakula karatasi.

Nikamwambia mdudu gani anajua kuandika "ataniua"?

Wakacheka wote pale. Mlete mwenyewe binti, alalamike mwenyewe. Nikasema amefungiwa. Wakasema basi akifunguliwa.

Foronya wamebaki nayo. Kitabu nimewanyang'anya.

Jumatano, 12 Juni

Nimegonga mlango wa binti mpaka ngumi zimevimba. Mume wangu kapanda ngazi zote zile na mguu wake. Kimya. Viatu havipo nje. Nikaweka sikio. Kitu kimeburuzwa ndani, polepole. Nikaita jina lake. Kikanyamaza. Nikasukuma mlango kwa bega, chuma tupu. Jirani kachungulia, akarudisha kichwa.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika haraka, mistari itapinda.

Asubuhi mkwe kaja kazini kwetu. Shikamoo mama. Mdomo wangu, huu mdomo mjinga, ukajibu marahaba. Akafunga mlango wa chumba cha pasi, akaubana kwa kiti.

"Nimepungukiwa foronya moja, mama."

Nikasema ipo polisi. Sijui kudanganya, sikufundishwa hilo pia.

Akanikaba. Mkono mmoja. Wa pili akanirekebishia mtandio, taratibu, kama mtoto mwema. Akaniegemeza ukutani, visigino vikaondoka sakafuni. Na anaongea kwa sauti ya chini. Mama, mimi sinywi. Sivuti. Sina mwanamke nje. Ulimsifia nani mwezi wa tatu? Unataka nini tena?

Bi Mvuke akamfungulia bomba la mvuke usoni. Hakuniachia! Akamrushia teke la kifua, mwanamke wa watu akagonga meza kwa mdomo, jino likaruka mpaka kwenye beseni. Mkunjaji akamrukia mgongoni anamng'ata sikio, yeye ambaye hulia kwenye hadithi. Macho yangu yakaanza kuona giza. Mkono wangu wa kulia ukapapasa. Pasi.

Nikaiweka juu ya mkono wake, ule uliokuwa shingoni kwangu. Nikaegemea kama naegemea kola ngumu. Nikahesabu kama kazi: moja, mbili, tatu, nne. Ngozi ikashika chuma. Harufu ile iko puani mpaka sasa.

Hakupiga kelele. Akavuta mkono, ngozi ikabaki. Akautazama. Akachukua shati lake moja jeupe kwenye rundo, akaufunga, akatoa kiti mlangoni.

"Sawa, mama. Hili ataulizwa mwanao."

Niandike ukweli, daftari ni langu: nilipoegemea pasi niliona raha. Na sasa raha ile anailipia mwanangu.

Nilikimbilia polisi vilevile, bila viatu. Leo kulikuwa na askari wa kike. Akanivua mtandio, akaona vidole vitano shingoni. Sasa nimekuelewa, akasema. Kumbe alama za shingo wanazisoma! Akasema kesho asubuhi wanakwenda na watu wa kuvunja mlango. Nikasema kwa nini si sasa hivi. Gari halipo. Nirudi nyumbani nitulie.

Nitulie!

Ijumaa, 14 Juni

Saa tatu na nusu asubuhi. Niko kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, hatua nne kutoka mlangoni. Askari wa kike amepiga simu: wako njiani, mama, usigonge, usiite, asijue. Nikikaa bure nitapiga kelele, kwa hiyo naandika. Mume wangu yuko chini langoni na fimbo yake, anawangoja awaonyeshe.

Viatu viko nje. Vimepangwa. Kwenye kimoja kuna tone. Yumo ndani.

Kwanza kulikuwa na kishindo. Kisha kingine. Kisha maji yanamwagika muda mrefu, sasa yamekatika. Hakuna sauti. Kimya hiki ndicho kinachonila. Cha kitabuni ningeshika kurasa nijue.

Siwezi kumwandikia barua, ataiona. Nimechana ukurasa wa mwisho wa kitabu. Sijausoma, sijui bibi harusi amepona au la. Nimechukua pini ya mtandio, nikatafuta maneno. Nimepata "mama". Nimepata "mlangoni". "Wanakuja" haipo, nimetoboa "kuja". "Usiogope" ipo, hadithi hizi hazikosi hilo. Matundu manne. Akiuona mkwe, ni karatasi ya riwaya safi tu.

Nimetambaa. Nimeusukuma chini ya mlango, nusu ndani, nusu nje, na pini nikaisukuma pia.

Umekaa hivyo.

Umekaa.

Umevutwa! Umeingia ndani, polepole, wote. Mkono sikuuona. Ulikuwa umefungwa kitambaa, kama ule niliouunguza? Mungu wangu, sikuona. Mwanga chini ya mlango umekatika, mtu amesimama au amelala pale pale upande wa pili.

Gari bado. Nimelaza kidole chini ya mlango, naandika kwa mkono mmoja. Ningepata nafasi ningekuandikia barua kamili, mwanangu. Baba yako hajambo, yuko langoni, juzi aliupandisha mguu ule ngazi zote kwa ajili yako na hakuutukana hata mara moja. Bibi yako hajambo, jana kasema jina lako bila kuulizwa. Mdogo wako hajambo, amekutandikia kitanda chenu cha zamani. Bi Mvuke hajambo, ana pengo kama lako, anasema mtafanana. Mkunjaji hajambo. Paka hajambo. Mimi, mama yako niliyekurudisha, niko hapa sakafuni, sirudi bila wewe. Usitafute maneno. Rudisha tu karatasi. Nijibu upesi, mama. Hata kwa tundu moja.