Ukuta wa Kibaraza Usiguswe

Ikram na Faraji,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Maharage nimeyaacha motoni. Ikram, ongeza maji, yasiungue kama ya juzi ukasema ni ya kukaanga. Bibi yenu akipiga simu kutoka Kwaluguru, mpeni shikamoo tu, habari ya leo nitamwambia mwenyewe.

Fundi Ezra akija mwambieni ~~abomoe kibaraza~~. Nimekata hapo. Mwambieni apumzike leo, ukuta wa kibaraza usiguswe.

Mlikuwa bado mmelala alipokuja mkaguzi wa ujenzi. Alipima, akakuta kibaraza hakimo kwenye ramani ya kibali, akapiga X nyekundu ukutani. Kweli hakimo. Baba yenu alikiongeza ili cherehani yangu ipate mwanga. Ndiyo matofali ya mwisho aliyoyapanga kwa mikono yake kabla hajatuacha.

Mkaguzi akauliza, "Mama, mwenye kibali yuko wapi?"

Nikasema, "Ametoka kidogo."

Miaka yote ya uhai wake niliwajibu wageni hivyo, mdomo ukanitangulia.

"Basi akirudi aje ofisini aombe kurekebisha ramani. Asipokuja, kinavunjwa."

Nikaitikia, "Nitamwambia."

Faraji, hiyo X usiifute, najua hasira zako. Nimekwenda huko ofisini. Habari ya kibaraza nitaieleza vizuri tu. Sijui nitaanzaje kumwambia yule bwana kwamba aliyetoka harudi.

Mama yenu