Tundu la Darini

Jumamosi, 1 Novemba

Tumefika Hoi An saa nne asubuhi, mimi na mke wangu Lua. Maji ya mafuriko ya mto barabarani yamebaki usawa wa vifundo vya miguu. Nimevaa buti mpya za mpira. Bei bado imebandikwa kisiginoni. Jana nilimzuia Lua tusiondoke kwetu Da Nang: tungoje maji yaishe kabisa, ndipo tukasafishe. Miaka ishirini nimeoa kwenye mji huu, na bado nasema mambo kama hayo! Kila mtu hapa anajua tope husukumwa na maji yaleyale yanapotoka. Yakishatoka, tope hukauka, unabaki na saruji.

Nyumba ya mama mkwe tumeikuta imeshaoshwa. Kitanda, kabati, meza ya matambiko ya mababu na picha ya marehemu baba mkwe — vyote viko juu, vimevutwa kwa kamba kupitia tundu la darini. Nani kavivuta? Khiem, seremala wa nyumba ya pili. Khiem aliyetaka kumwoa Lua.

"Nimekuachia jiko," mama mkwe akaniambia. "Usije ukasema hatukukungoja."

Nimekwangua hadi jioni. Saruji.

Jumapili, 2 Novemba

Mgongo. Kuinama siwezi, kunyooka siwezi.

Khiem kaja na sufuria ya tambi za moto. Ana nywele zake zote. Ananiita shemeji — yaani Lua ni dada yake. Nimeamua kuliamini neno hilo.

Kwenye nguzo ya sebuleni kuna alama ya kila mafuriko, na mwaka wake. Ya 1999 ni mwandiko wa Lua. Nikauliza juujuu tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Mama mkwe akasema mwaka ule Lua na Khiem walikwama darini siku tatu, wakitafuna tambi kavu.

"Peke yao?"

"Nami nilikuwepo, mwanangu. Unadhani nani alilala katikati?"

Lua hajawahi kunisimulia. Nilipomgusia, kasema sikuwahi kuuliza. Ningeulizaje?

Jumatatu, 3 Novemba

Kesho narudi kazini. Lua kasema yeye atabaki hadi kuta zikauke. Kuta za hapa hukauka lini? Mama mkwe anasema labda baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa hapa. Hiyo ni mwakani! Na Khiem atasaidia, Lua akaongeza. Sikuuliza kusaidia nini.

Nilitaka kumwambia: turudi wote, naona wivu, mzee mzima. Nikasema, "Sawa."

Sasa vitu vinateremshwa. Wao wawili wako darini wanafunga kamba. Mimi chini, kupokea. Naandika nimesimama. Mama mkwe kauliza naandika nini. Orodha ya vitu, nimesema.

"Basi andika na huo wivu," akasema, kwa sauti ya sokoni. "Usije ukausahau hapa kwangu."

Juu walikuwa wanacheka. Wamenyamaza. Kamba inaning'inia mbele ya pua yangu, haina kitu.

Lua kachungulia tunduni, tope shavuni.

"Baba Nhi, panda wewe. Khiem anashuka kupokea."

Panda! Na mgongo huu. Ngazi ni ileile ya mwaka ule, nyembamba, ya kupita mtu mmoja. Khiem ameshashuka, ananishikia ngazi. "Taratibu, shemeji," anasema. Lua bado yuko tunduni, kaninyooshea mkono. Kalamu naweka mfukoni —