Je, Mparachichi Ulijua Kwamba Maji Yanakuja?

Kizuka, Rumonge,
Burundi.
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Agneta,

Amahoro, amani iwe kwako na kwa wote walio nyumbani kwako huko Mishamo, Tanzania. Goti linaendeleaje? Wasafiri walituambia kwamba siku hizi unakwenda kanisani kwa fimbo, na kwamba fimbo yenyewe unaisahau makusudi kwenye nyumba za watu. Ukinijibu, anza na goti kabla ya habari nyingine yoyote. Na yule ng'ombe wa jirani aliyekuwa akikuvunjia ua, bado anakusumbua?

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mume wangu Yonasi alishikwa na malaria mwezi wa tano, akalala mpaka nikaogopa, lakini amepona na amerudi kwenye cherehani yake sokoni Rumonge. Mwanetu Nduwimana yuko Bujumbura, anasomea uuguzi. Mimi naendelea na biashara yangu ya mawese, ingawa mwaka huu ngazi, zile chikichi za kukamua, ni chache na akina mama tunagombania kila kichane.

Utakuwa umeona juu ya barua kwamba nimeandika Kizuka. Ndiyo, hatukai tena kule chini karibu na ziwa. Najua habari za maji ya Tanganyika mlizisikia redioni. Tulitoka sote wazima, na namna tulivyotoka ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu, kwa sababu inahusu mti uliotoka mkononi mwako.

Unakumbuka siku ile tunapanda lori la wakimbizi la kurudi Burundi, ukanipa maparachichi mawili nile njiani? Moja liliiva tukiwa tumeshafika. Mbegu yake niliipanda uani, pembeni mwa jiko, bila kufikiri sana. Hapa wanaliita avoka. Mti ukakua kama mtoto wa watu wenye maziwa, ukazaa matunda makubwa yenye ganda jeusi, na mtaa mzima ukajua njia ya kuja kwetu.

Aliyekuja zaidi ni jirani yangu Mwanvua. Ni mjane, anauza ndagala, hawa dagaa wa ziwani, na babu yake alitoka Ujiji akahamia Rumonge zamani za Wabelgiji. Mwanvua hakuwahi kuchuma tunda bila kuusalimu mti kwanza. Alisimama mbele yake, akatoa salamu kama anayeingia kwa mkwe, akaomba, ndipo akanyoosha mkono. Mimi nilicheka. Yonasi alikuwa hacheki hata kidogo. Kwake yeye mti ni kuni zilizosimama, basi.

"Muti iko inasikia, weye," Mwanvua alimwambia siku moja.

"Basi uambie uache kuniangushia majani kwenye kitambaa cha wateja," Yonasi akajibu, na kila mtu akaenda zake.

Sasa sikiliza, Shangazi. Baada ya Noeli mti ulianza kuugua. Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku, lakini majani yalikuwa yananing'inia asubuhi kama ya mti wenye kiu. Ncha zikawa za kahawia, kisha yakageuka manjano na kupukutika. Mimi, kwa kutojua, nikawa nauchotea maji ndoo kwa ndoo. Kadiri nilivyoumwagia ndivyo ulivyozidi kunyauka.

Yonasi akasema ukatwe kabla haujaangukia jiko. Mwanvua akasema mti una huzuni, na kama kuna mtu aliyeutukana aje auombe radhi, akamtazama Yonasi. Nilipobaki peke yangu niliweka kiganja kwenye gome, nikatulia, nikangoja. Nakwambia ukweli: sikusikia kitu. Nilihisi gome tu, na siafu mmoja aliyenipanda mkononi. Lakini sikuweza kuacha kujiuliza. Kiumbe kilichokuwa kikinywa na kula na kuzaa mbele ya macho yangu miaka yote hiyo, kinawezaje kufa bila kujua kwamba kinakufa?

Siku hizo akaja kununua mawese bwana mmoja anayeitwa Pontiani, ndiye agronomu, yaani bwana shamba, wa komine yetu. Nikamwonyesha mti. Akauzunguka, akavunja kitawi, akakinusa.

"Kabla hamjaukata, chimbeni pembeni mwake," akasema. "Majani hayana ugonjwa. Ugonjwa uko chini."

Yonasi akachukua jembe ili anionyeshe kwamba mti umeoza na nikubali yaishe. Udongo wa juu ulikuwa wa kawaida. Alipofika kina cha goti, jembe likabadilisha sauti, na harufu ya yai viza ikatupanda puani. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, ukiigusa ganda linachubuka kwa kidole. Halafu, tukiwa bado tumeinama, maji yakaanza kuingia shimoni. Hayakutoka juu, yalipanda kutoka chini, polepole, kama mtu anayejaza bakuli bila haraka.

Shangazi, wakati huo ziwa lilikuwa bado mbali nasi. Kati yetu na ufuko kulikuwa na nyumba za watu, uwanja wa kuanikia ndagala, na mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Hakuna aliyekuwa na hofu.

Yonasi akalichomoa jembe. Alikwenda nyuma ya chumba tunacholala, akachimba pale chini ya ukuta. Maji. Akaenda upande wa mlango. Maji. Aliporudi alikuwa amepauka.

"Scovia," akasema, "nyumba yetu imesimama juu ya ziwa."

Pontiani akatueleza kwamba mizizi nayo inapumua, na kwamba mparachichi hauwezi kabisa kukaa na miguu kwenye maji. Ulikuwa umeshaanza kuzama tangu kabla ya Noeli, ila ulizama kule ambako sisi hatuoni. Nikamuuliza, basi ulikuwa unatuambia? Alicheka kidogo, si kwa dharau. Akasema mti ulihisi, hilo halina ubishi. Kama ulikuwa unasema na mtu, hilo yeye hawezi kuliapia.

Nilimwita Mwanvua aje aone shimo. Nilijua yeye ndiye atakayeelewa upesi kuliko sote. Aliangalia, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Hii ni maji ya mvua tu. Itakauka."

"Dada Mwanvua, si wewe unayesema mti unasikia na kusema?"

"Ninasema, ndiyo. Lakini haukuniambia nihame. Miye nilizaliwa hapa, na baba yangu hapa. Nitaenda fasi gani?"

Nilimbembeleza siku nyingi. Hakutaka. Na Yonasi, yule wa kuni, ndiye aliyepanda juu ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na kuanza kung'oa mabati. Nilimwona akikaa kitambo kirefu kwenye paa, nyundo mkononi, akiutazama ukuta alioupiga lipu mwenyewe tuliporudi kutoka kwenu. Kisha akaendelea kung'oa.

Watu walitucheka. Walisema, hawa wa Tanzania wamezoea ukimbizi, hata mti ukikohoa wanafunga virago. Lile neno lilimchoma Yonasi kuliko jua. Tukapanga chumba hapa Kizuka, katikati ya michikichi ya watu, tukaanza upya. Siku zikapita bila lolote, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona haya kupita mtaani kwetu wa zamani.

Mwezi wa nne maji yakaja juu. Yalianza na uwanja wa ndagala, kisha nyumba za mbele. Mwanvua aliweka mifuko ya mchanga mlangoni, akabaki. Ilikuwa saa za adhuhuri, amesimama kizingitini anatawadha, ukuta wa chumba chake ukalainika chini na kulala juu ya kitanda chake. Kitanda kilivunjika chote. Mhimili wa mlango ulimpiga begani. Angekuwa amejilaza kama kawaida yake saa zile, leo ningekuandikia barua nyingine.

Yonasi alisikia akiwa sokoni. Aliacha suruali ya mteja chini ya sindano, akakimbia. Alimfikisha hospitali, na walipomfunga bega akamleta hapa kwetu kwa baiskeli, anaisukuma yeye amekaa nyuma. Tangu hapo Mwanvua anaishi nasi. Tunapika vyungu viwili siku akifunga, na tunacheka vizuri tu.

Lakini kuna jambo alilonifanyia, Shangazi, ambalo haliniondoki. Tulikuwa tunachambua maharage, mkono wake mmoja bado umefungwa. Akauliza, bila kuniangalia:

"Scovia, kwa nini ule muti uliwaambia nyinyi, haukuniambia miye? Ni miye niliyekuwa ninausalimu."

Yonasi alikuwa anapiga pasi, akasema taratibu, "Labda haukusema na mtu, mama. Ulikuwa unakufa tu, na sisi tulikuwa karibu."

Mwanvua akafikiri. "Hata mutu akiwa anakufa, kilio chake kinakuwa cha nani? Si cha yule anayesikia?"

Maharage yale yalichambuliwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyapika.

Nimejaribu kuwaza kama Yonasi. Uani palepale palikuwa na mchikichi, hatua chache kutoka kwenye mparachichi. Huo haukuonyesha dalili yoyote, mpaka leo umesimama majini na makuti yake ya kijani. Kama miti huwaonya watu, kwa nini huu ulikaa kimya? Pontiani anasema mchikichi unavumilia maji, haukuwa na la kulalamikia. Hilo linaingia akilini. Basi ni sawa na watu: anayelia ni anayeumia, wala halii kwa ajili yetu.

Kisha nawaza kama Mwanvua. Tulipokuwa tunabeba vitu vya mwisho, ule mparachichi, ambao haukuwa na majani ya kujaza kikapu, ulitoa maua. Haukuwa msimu wake. Matawi yaliyokauka nusu yalifunikwa maua madogo, nyuki wakajaa mpaka tukaogopa kupita. Pontiani anasema mti ukibanwa na kifo hujitahidi kuacha mbegu. Mwanvua anasema ulikuwa unatuaga. Mimi nimesimama kati yao, na kila mmoja akisema naona amesema kweli.

Mwezi jana maji yalipoanza kushuka, Yonasi aliazima mtumbwi, akauendea ule mparachichi na shoka ili apate angalau kuni, kwani hapa Kizuka tunahangaika nazo. Alirudi mikono mitupu. Wavuvi wanafungia mitumbwi yao kwenye shina, akasema. Nikamuuliza, wamekukataza? Hapana. Nikamuuliza, sasa? Akaniambia, "Usiniulize," akainama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Juzi Pontiani alipita tena, nikamkalisha, nikamminya kwa maswali mpaka chai ikapoa. Akanieleza kwamba wapo wataalamu wanaosema mti ukiliwa na viwavi hutoa harufu, na miti ya jirani ikiipata hujiandaa kwa kuyafanya majani yake machungu. Na chini ya ardhi kuna kuvu nyembamba kama nyuzi, zinazoshikana na mizizi ya mti huu na ule. Hapo, akasema, wataalamu wenyewe wanabishana: wengine wanaona miti inapeana chakula na habari, wengine wanaona tunaibandika tu miti mambo yetu sisi watu. Nilipenda kwamba hakuona aibu kusema hajui.

Ndipo swali likanijia, na ndilo ombi langu kwako. Maparachichi uliyonipa yalitoka kwenye ule mti mkubwa ulio nyuma ya nyumba yako. Wa kwetu ni mwanawe. Je, mwaka huu, kuanzia Noeli hadi Pasaka, uliona lolote kwake? Majani kuanguka ovyo, maua nje ya msimu, matunda kupukutika machanga? Najua kati yetu na Mishamo kuna ziwa na milima, na hakuna mzizi unaofika. Pontiani akisikia nimekuuliza hivi atacheka mpaka adondoshe miwani. Yonasi nilipomwambia hakucheka. Alisema tu, "Andika, umuulize."

Tafadhali usinifurahishe. Kama hukuona kitu, andika kwamba hukuona kitu, nami nitapumzika, nikijua kila mti unabeba maumivu yake peke yake na haudai kwetu chochote. Lakini kama uliona, Shangazi, niambie vilevile, hata kama sijui nitapitaje tena chini ya michikichi hii ya Kizuka bila kufikiri kwamba nimeingia kwenye mazungumzo ya watu.

Nisalimie Binamu Isaka na mkewe, na Mzee Melkiades kama bado anapiga ngoma ya kanisa. Mwambie Dismasi kwamba shati lake liko tayari, Yonasi anamngojea msafiri wa kuaminika. Mwanvua hamjaonana, lakini anakusalimu kama mkubwa wake na anakuombea goti kwa dua zake. Sisi tunaliombea kwa zetu.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe mvua ya kiasi na usingizi usio na hofu.

Ni mimi wako nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Scovia