Benchi la Mwisho Halijasoma

Jumapili, 4 Mei

Tumemaliza sura ya tisa! Sura tisa kwa Jumapili kumi na nane, mbili kwa kila sura, sijachelewa hata wiki moja. Zimebaki saba. Kwa mwendo huu kaburi tutalikuta tupu tarehe kumi Agosti. Mchungaji alipohamishwa wakanipa mimbari kwa muda, huku wakinong'ona kwamba mchomelea mageti hawezi kuhubiri Marko mwanzo mpaka mwisho. Waje wahesabu.

Leo limesoma benchi la kumi. Utaratibu huu naupenda kuliko mahubiri yangu mwenyewe. Biblia zetu ni chache, basi tangu sura ya tano kila Jumapili benchi moja linasimama na kusoma, kutoka mbele kwenda nyuma, mtu mstari wake. Anayekwama, jirani anamnong'oneza. Mabenchi yote kumi na moja nimeyachomelea mimi, najua lipi linalia mtu akinyanyuka. La kumi linalia. Lilipolia leo nikasikia raha.

Tukafika pale wanafunzi wanabishana njiani nani mkubwa kati yao. Wanaulizwa, mlikuwa mnabishana nini? Kimya! Kanisa zima likacheka. Wazee wa kanisa hawakucheka. Mwenyekiti wao alikuwa anakagua kiatu chake.

Baada ya ibada akaniita pembeni. Fundi, pumzika kidogo. Jumapili mbili zijazo tuna wageni: kwaya, halafu mhubiri wa mafanikio. Sikuombwa — niliarifiwa. Spika ni zake, jenereta ni yake. Mimbari si yake! Nilimwambia hivyo? Wapi. Nilisema sawa mzee. Nimerudi nyumbani nimenuna mpaka mke wangu akaniuliza kama jino linauma.

Jumanne, 6 Mei

Dereva wa lori, yule wa benchi la sita, kaleta geti lake, bawaba imekatika. Nikiwa nimeshavaa miwani ya kuchomelea akaniuliza: Fundi, yule baba mwenye mtoto wa kifafa, aliyesema anaamini halafu hapohapo akaomba asaidiwe pale anaposhindwa kuamini — hakufukuzwa? Nikamwambia hakufukuzwa, na mtoto alipona. Akaigeuzageuza bawaba mkononi. Huyu ni mtu wa kutukana trafiki kabla ya chai! Kisha: "Basi nakuja tena Jumapili, nione mbele kuna nini."

Nikamwambia Jumapili hii ni kwaya ya wageni.

"Aa! Sasa habari mnaikata katikati kama umeme?"

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, na kaisema mtu mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. Miaka yote tulihubiriwa na watu wanaochagua nyama sufuriani na kutuachia mchuzi. Mstari wa baraka hapa, mstari wa ushindi pale. Mimi napakua chote. Mifupa pia.

Jumapili, 11 Mei

Kwaya. Wanaimba vizuri. Nimekaa benchi la nne kama abiria.

Jumapili, 18 Mei

Mhubiri wa mafanikio ametutaka tupige kelele, tupokee. Tumepokea. Sijui nini.

Lakini kilichonikalisha wima ni matangazo. Jumapili ijayo Mwenyekiti atamleta mke wake mpya mbele ya kanisa, wataombewa, benchi la mbele litapambwa maua. Watu wakapiga makofi. Yule wa kwanza, fundi cherehani aliyeishi naye miaka ishirini na sita, alikuwa palepale, benchi la mwisho, karibu na mlango. Siku hizi anaingia wimbo wa kwanza ukishaisha na anatoka kabla ya baraka. Tangu alipoachwa mwaka jana hakuna aliyemuuliza kitu. Wote tunamsalimia kwa kuinua kidevu.

Nimefika nyumbani ndipo hesabu ikanigonga. Jumapili ijayo ni sura ya kumi, mwanzo. Wanakuja kumuuliza Bwana kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Naye anawaambia ruhusa ya talaka katika torati iliandikwa kwa ajili ya ugumu wa mioyo yao.

Na zamu ya kusoma ni ya benchi la kumi na moja. La mwisho. Halijawahi kusoma.

Sikupanga! Mungu ananiona, sikupanga.

Jumatatu, 19 Mei

Saa tatu asubuhi Katibu wa wazee yuko karakanani, suti, anakwepa cheche.

"Fundi, ruka mistari kumi na miwili tu. Anzia pale watoto wanapoletwa. Watoto ni wazuri, watu watapiga picha."

"Siruki."

"Umemlenga mzee wa watu."

"Nimlenge vipi? Ratiba iko mlangoni pa kanisa tangu Januari, nimeibandika kwa gundi ya mbao. Sura ya kumi ilikuwa tarehe kumi na moja, na siku hiyo Mwenyekiti alikuwa safarini. Ingesomwa, ingepita, asingesikia hata harufu yake. Nani alininyang'anya Jumapili mbili?"

Katibu akahesabu kwa vidole. Akarudia. "Lo," akasema, taratibu kabisa. "Amejisogezea mwenyewe."

"Kwa mikono yake miwili."

Nusura acheke, akakumbuka suti. Akasema ujumbe aliotumwa: nikisoma hiyo mistari, Jumapili inayofuata nitakuwa msikilizaji, na hiyo Agosti yangu niisahau. Nikavaa miwani, nikawasha mashine. Nilianza kazi hii na mashine ya kuazima na nyaya zilizochunika, hakuna mzee aliyenishika mkono. Leo nitishwe na maua?

Alhamisi, 22 Mei

Amekuja mwenyewe. Fundi cherehani. Nilimfutia kiti akakataa kukaa.

"Kaka, nimesoma ratiba mlangoni. Nimesoma na hiyo sura. Iruke."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wiki nzima ninapigana kwa ajili yake!

"Dada, hayo maneno yako upande wako."

"Upande wangu! Nitasimama pale, yeye mbele na maua yake, nisome habari za mke aliyeachwa? Shingo zote zitageuka. Wewe utakuwa unatazama kitabu. Mimi nitatazamwa."

Nikamwambia basi, suluhisho rahisi. Jumapili hii asije, wenzake wa benchi watasoma. Nililitoa haraka, kama mtu anayetaja bei.

Akanitazama. "Nikae nyumbani. Na wewe pia? Yeye alianza hivyohivyo. Usije kwenye kikao, usije kwenye harusi ya fulani, pumzika. Mwisho nikapumzishwa kabisa."

Akaondoka. Nilikuwa na elektrodi ya kuchomelea mkononi, imekwisha mpaka kishikio, na mashine inanguruma bure.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemweleza mke wangu. Aliendelea kukunja nguo. Kisha: "Baba watoto, huyo mama unampigania au unamtumia?"

Nimekasirika. Bado nimekasirika.

Jumamosi, 24 Mei

Siruki. Nimelipindua kila upande na bado siruki. Nikiruka kwa ajili ya machozi yake, kesho nitaruka kwa ajili ya jenereta ya mwingine, na yule dereva atajua kwamba hata hapa habari hukatwa. Mtu akishajua hivyo, hata yale ya kaburi tupu atauliza: na hapa mmeruka nini?

Lakini lile neno la kumwambia asije lilikuwa la kipumbavu, nalo ni langu, si la Marko. Jioni nimekwenda kwake. Nimebisha hodi. Cherehani ilikuwa inakwenda ndani, mbiombio. Nikabisha tena. Ikazidi kasi. Nikasema kupitia mlangoni kwamba benchi ni lake, asimame, akae, asome, asisome, lakini aje. Cherehani haikusimama. Nimerudi.

Jumapili, 25 Mei

Naandika kwenye chumba cha nyuma ya mimbari, juu ya goti. Wameniambia nisubiri niitwe. Siitwi.

Maua yapo. Mke mpya ameshaombewa — binti mpole, wala sina ugomvi naye. Sasa kwaya. Kawaida nyimbo mbili. Huu ni wa tano! Ibada inafungwa saa sita, na Mwenyekiti kila wimbo ukikaribia mwisho anamzungushia kidole mwalimu wa kwaya: endelea. Mjanja. Hakunikataza kusoma. Ananila muda.

Katibu amechungulia. Fundi, kubali yaishe, Jumapili nyingine ipo. Nikamwambia nilishaachia Jumapili mbili, ona zilikotufikisha.

Mlango huu una ufa, nauona ukumbi wote. Benchi la mwisho lilikuwa na watu watatu, nafasi ya karibu na mlango tupu. Nikasema basi, hakuja. Nimemfukuza mimi.

Wimbo wa sita. Alto wamechoka, wanachezesha midomo tu.

Amekuja! Gauni jipya, rangi ya machungwa, linaonekana mpaka huku. Kumbe ndiyo ile cherehani ya jana! Na hakukaa. Kanisa zima limekaa, yeye amesimama mbele ya nafasi yake, Biblia ya benchi imefunguliwa mikononi, kidole juu ya ukurasa. Anasubiri wimbo uishe.

Shingo zimegeuka, kama alivyosema. Zote. Naye anazitazama, moja moja.

Mwenyekiti anazungusha kidole. Mwalimu wa kwaya anamtazama yeye, anamtazama mama aliyesimama nyuma. Wamerudia ubeti wa kwanza. Dereva wa lori naye amesimama, benchi la sita, sijui kwa nini, zamu si yake. Wale watatu wa benchi la mwisho wanainuka. Saa sita kasoro kumi na moja. Mistari kumi na miwili haitaki zaidi ya dakika tatu.

Naweka kalamu, natoka bila kuitwa. Kwaya imefika kwenye kiitikio tena, sauti zimebaki nne, tatu —

Mama hajakaa.