Hanchifu Yako ya Udi

Maalim,

Arubaini yako imesomwa, pilau imeliwa, watu wamekusifu wakachoka. Sasa nina langu la kukwambia, na safari hii huwezi kunikatiza.

Chombo chetu kimerudi. Kile cha kupimia jua, kilichokaa miaka kumi na moja juu ya paa la ofisi pale Kikwajuni, kikipima mwanga unaozuiwa na vumbi, moshi na chumvi ya bahari kabla haujatufikia. Hesabu zetu ndizo zilizotumika kurekebisha jicho la setilaiti. Kila wakubwa walipotaka kukipeleka nje kikalinganishwe na chombo kikuu, ulikataa. "Mtoto hatahiriwi mara mbili," ukasema, nasi tukacheka. Ulipozikwa tu, wakakishusha.

Kimerudi na karatasi. Kioo kilikuwa na utando wa mafuta uliozuia mwanga. Mafuta ya udi, Maalim.

Niliisomea ngazini. Kila Ijumaa nilikuona: kanzu imenyooshwa, unapanda paani kabla ya kwenda msikitini, unatoa hanchifu aliyoifukiza mkeo Bi Zuwena na kuitia tone la mafuta, unakipangusa kioo taratibu kama unamfuta mtoto uso. Pamba na maji safi tulivyoletewa ulivifungia kabatini. "Kinachotazama mbinguni hakifutwi kwa pamba ya hospitali." Nilikupenda kwa maneno hayo. Sasa yananichefua.

Salum aliliona mapema. Unamkumbuka Salum, mwenzangu wa meza ya pili? Siku ile baada ya mvua ya masika, anga imeoshwa, setilaiti ikasema safi, sisi tukasema vumbi. Akakuuliza kwa adabu zake zote: "Maalim, labda kioo chetu kina kasoro?"

"Kasoro n'wewe," ukamjibu.

Ukamwandikia barua ya mashtaka kuwa kusafisha kioo ni kazi yake na haifanyi, ukaniletea nitie saini ya ushahidi. Nikatia. Nilijua hajapata kukigusa, maana hukumruhusu mtu. Nilikuogopa, na nilitaka unione mimi ndiye mwanafunzi wako. Akafukuzwa. Siku hizi yuko Jambiani, anafungua geti la hoteli na kubeba mabegi ya wageni, yeye aliyekuwa akisoma anga kutushinda sote wawili.

Jana nilimpigia simu. Nilipomweleza ya kioo, akauliza, "Na Maalim kajua kabla hajafa?"

Nikamwambia hukujua.

"Kafa na raha yake, basi," akasema, akakata.

Hesabu zako zote zimefutwa. Miaka yote ile tuliifundisha setilaiti kuona vumbi lisilokuwepo. Ningeweza kusema ni bahati mbaya, marehemu hasemwi, watu wangenielewa. Lakini ulimvunja mtu kwa kiburi chako, nami nikakushikia nyundo.

Bi Zuwena hajui kitu. Yumo edani. Nilipokwenda kumtazama alinipa hanchifu yako iwe kumbukumbu. "Chukua, mwanangu, alikuwa akikupenda." Ilikuwa bado inanukia. Nililia mbele yake, akadhani nakulilia wewe tu.

Nimeitia kwenye bahasha pamoja na ripoti ya kupeleka kwa wakubwa. Ndani yake nimeandika jina lako, jina la Salum, na saini yangu ilivyokuwa ya uongo. Nikifukuzwa, nimestahili.

Mungu akurehemu. Nalisema hilo kwa shida, lakini nimelisema. Msamaha wa Salum siwezi kukuombea, mimi mwenyewe sina. Nakuahidi jambo moja: kesho nakwenda Jambiani, nitasimama kwenye geti lake mpaka anifungulie au anifukuze.

Leo asubuhi, chombo kikiwa kimerejeshwa mahali pake, nilipanda paani peke yangu, nikakifuta kioo kwa maji na pamba, nikapima. Anga ya Unguja ni safi, Maalim. Ilikuwa safi miaka yote.

Buriani.

Mwanafunzi wako na shahidi wako,
Asha